Mjomba Anasema Nimekonda, Simu Inasema Hongera

Mpendwa Bi Mwanahawa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza nyuma ya banda langu, maharage yako jikoni, na naomba unisaidie mapema kwa sababu Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya misa ya pili, kuna kikao nyumbani kwangu, na mtu anayekwenda kuhukumiwa ni mume wangu, na kosa si lake, ni langu mimi. Jina langu naomba lisitoke gazetini.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Mgeta, Mluguru kwa baba na kwa mama, nimeolewa hapa Morogoro mjini na fundi wa kuchomelea mageti anaitwa Thobias, tuna watoto watatu, na kazi yangu ni mama lishe, nina banda karibu na geti la chuo pale Mazimbu, wanafunzi na walimu wao wanakula kwangu wali, ugali, maharage, mchicha, nyama na samaki. Tangu niolewe mimi ni mtu wa mwili, na sikuwahi kuona aibu, maana kwetu mke akinenepa watu wanampongeza mume, wanasema huyu anajua kutunza, na Thobias akisikia hivyo alikuwa anatembea kifua mbele. Mwaka jana magoti yakaanza kuuma, nikaenda zahanati, nesi akanipima, presha ipo juu, mzani ukasema kilo tisini na saba, akaniambia mama, punguza mwili, magoti hayo yamechoka kukubeba na moyo nao utafuata. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeshatangaza mara mbili huko nyuma kwamba napunguza mwili, mara ya kwanza nilidumu siku tatu, mara ya pili nilitangaza asubuhi na saa nne nikakutwa na chapati, nyumba nzima ikacheka mpaka Thobias akatokwa machozi, kwa hiyo safari hii nikasema nitafanya kimya kimya, nikishindwa nimeshindwa peke yangu.

Basi kuna mteja wangu mmoja, dada anaitwa Asia, ana chumba cha kukanda watu misuli pale Mji Mpya, akaniambia kuna utaalamu wa Kichina wa kubonyeza sikio, anachukua mbegu nyeusi ndogo kama punje ya ulezi, anaibandika kwa kipande cha plasta kwenye zile sehemu za sikio wanazosema zinahusika na njaa, nawe unabonyeza kila mbegu kabla ya kula, mara tatu kwa siku, na kila wiki anabadilisha. Akaniwekea na app kwenye simu, inanikumbusha muda wa kubonyeza kwa sauti ya mwanamke, inahesabu hatua ninazotembea na kilo ninazoiandikia nikishapima, na kila ninachotia mdomoni lazima nikiandike humo. Bi Mwanahawa, hiyo app ilinitoa jasho. Siku ya kwanza nikaandika chai bila sukari, mchana ugali kidogo na mchicha, jioni papai, nikajiona nimekuwa malaika, Asia akaangalia akaniuliza, na kuonja umekuandika wapi? Nikamwambia kuonja si kula, kuonja ni kazi. Akanikalisha tukahesabu, nina sufuria sita, kila moja naionja chumvi mara tatu au nne, na mimi sionji kwa kijiko, naonja kwa upawa, na nyama naionja kama imeiva, halafu naionja tena kama kweli imeiva, kumbe kabla sijakaa kula nilikuwa nimeshamaliza sahani nzima na robo ya pili. Tangu siku ile naonja mara moja tu kwa ncha ya kijiko cha chai, na mkono ukitaka kurudi kwenye sufuria nabonyeza sikio mpaka hamu ipite. Nikaacha na bodaboda za jioni, natembea kutoka Mazimbu mpaka nyumbani. Miezi saba sasa, nipo kilo themanini na mbili, presha imeshuka, nesi alinipigia makofi mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Furaha hiyo ndiyo imenitia matatani. Nje nayafunika masikio kwa kilemba, lakini nyumbani Thobias aliona plasta, akauliza, nami kwa woga nikasema masikio yananiuma, zahanati wameniziba upepo usiingie. Kesho yake akaja na dawa ya matone, na tangu siku hiyo kila jioni baada ya chakula ananilaza kichwa mapajani kwake, ananitia matone mawili kila sikio, anauliza bado linauma, najibu kidogo. Tupo chupa ya nne. Na ili asigundue kwamba nakula kidogo, nikawa nasubiri ageuke, namhamishia nyama na wali wangu kwenye sahani yake, naye anakula tu bila kujua, na kadiri ninavyopungua mimi, yeye mashati yanakataa kufunga vifungo.

Mwezi wa nane tukapanda Mgeta kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wa dada yangu. Wewe ni mtu wa hapahapa, unajua kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Mjomba wangu Fransisko ni mkulima wa kabichi, mzee wa heshima, alinishika kifundo cha mkono akakizungushia vidole, akatazama gauni linavyoning'inia, akamtazama Thobias tumboni, akasema mbele ya watu wote kwamba mpwa wake amekonda na aliyemuoa amenona. Hakuna aliyecheka. Nilitakiwa nijibu palepale, lakini paroko alikuwepo, nikaona aibu kuanza kueleza habari za mbegu za masikio mbele ya padri, nikaenda kugawa soda, na Thobias akasukuma sahani yake kando.

Wiki mbili baadaye likashuka gunia kutoka Mgeta, viazi, njegere na karoti, na mjomba hakulileta nyumbani, aliagiza lishushwe kwenye banda la Thobias la kuchomelea, na juu ya gunia ameandika kwa wino mzito, herufi kubwa, CHAKULA CHA MPWA WANGU PEKE YAKE. Wateja wamelisoma, mafundi wenzake wamelisoma. Thobias alilibeba begani mpaka nyumbani, akaliweka jikoni, maandishi akayageuzia ukutani, akaenda kuoga. Limeshakuja la pili na la tatu, na yote yamegeuzwa hivyohivyo.

Mwezi uliopita mjomba akashuka mwenyewe, tumekaa sebuleni tunakunywa chai, simu yangu ikaongea, ile sauti ya mwanamke ya kwenye app, ikasema hongera, umepungua nusu kilo. Mjomba akauliza ni nani huyo anayempa mtu hongera kwa kukonda. Nikasema ni matangazo ya mtandao, siku hizi wanasumbua sana. Mjomba akatikisa kichwa akasema hata watu wa simu wameliona. Akasema atarudi Jumapili hiyo niliyokutajia akiwa na wazee wawili, Thobias aeleze ananilisha nini, na asipoeleza vizuri ananichukua kwenda Mgeta nikanone kwanza.

Tangu siku hiyo Thobias hali mchana. Anarudi jioni na chipsi mayai au kuku nusu kwenye mfuko, ananiwekea mbele, anakaa kunitazama, nami nakula hicho kidogo ninachoweza. Juzi akaniambia taratibu, wala hakuinua sauti, "Mama Deo, kama ni mimi ninayekukondesha niambie, nitajirekebisha." Nikamjibu, "Wala si wewe, ni masikio." Akasema sawa, akaenda kuchukua ile chupa ya matone.

Bi Mwanahawa, nampenda huyu mwanamume na namuona anavyonyong'onyea kwa uongo wangu, lakini kila nikifungua mdomo nawaza atakavyocheka, au atakavyokasirika kwamba amebeba magunia bure, na nawaza pia kwamba mwili huu ninaoupunguza ndio aliokuwa akijivunia. Je, nimwambie? Au nibandue mbegu, nifute app, nirudie uzito wangu ili amani irudi? Bado wiki tatu, nikijitahidi na chapati naweza kuongeza hata kilo nne kabla ya kikao.

Wako,
Mama Lishe, Morogoro


BI MWANAHAWA ANAJIBU

Marahaba, Mama Lishe. Kwanza weka chini hiyo chapati. Mtu aliyehangaika miezi saba kuishusha presha hawezi kuipandisha kwa wiki tatu ili amfurahishe mjomba, na tangu nianze kuandika safu hii sijawahi kusikia mtu anayenenepa kwa ajili ya kikao.

Halafu pokea hongera zangu, maana kilo kumi na tano si mchezo kwa mtu anayeshinda na sufuria sita. Mbegu za Asia sitazipigia debe wala sitazitukana. Wapo wanaosema zinatuliza njaa, wapo wataalamu wanaosema ushahidi wake bado mdogo, nami si daktari. Ninachokiona mimi kwenye barua yako ni mwanamke aliyeacha kuonja kwa upawa na akaanza kutembea kwa miguu. Kama mbegu inakukumbusha kurudisha mkono, iache ikae. Sikio likianza kuwasha au kufanya kidonda, ibandue siku hiyohiyo. Zahanati usiikimbie, na kama umeandikiwa vidonge usiviache kwa sababu simu imekupa hongera. Hiyo app nayo izime sauti, inahesabu vizuri lakini haina adabu mbele ya wakubwa. Mimi ninayo moja, binti yangu aliniwekea kabla ya Ramadhani, na mfungo ulipoisha nikawa nimeongezeka kilo tatu kwa tambi na kalimati, ikaniuliza kama nina uhakika mzani wangu ni mzima.

Matone ya masikio mwisho leo. Sikio zima halitiwi dawa, utakuja kulitafutia ugonjwa wa kweli. Na kama unachokipenda pale ni kulala mapajani mwa mumeo, mwambie hivyo, kwa hilo hakuna haja ya kwenda duka la dawa.

Sasa tuje kwenye kosa, nalo ni la neno moja. Kukonda kunampata mtu, analetewa na njaa au maradhi au mawazo. Kupunguza mwili ni jambo analolifanya mtu mwenyewe kwa akili zake. Mjomba alipotamka kwamba umekonda, wewe ulikuwa na neno lako sahihi mdomoni, ukalimeza kwa sababu padri amekaa karibu. Hivi unadhani padri hajawahi kuambiwa na daktari apunguze wali? Ukaliacha neno la mjomba likashuka mlima, likapanda juu ya gunia, likasomwa na mafundi wa mjini kote. Mjomba mwenyewe simlaumu sana. Mzee anayejaza viazi kwa ajili ya mtoto wa dada yake ana upendo mwingi na hana habari. Habari unazo wewe, na umezifunika kwa kilemba.

Nilipofika kwenye magunia yaliyogeuziwa ukutani nilivua miwani nikaifuta. Yule mwanamume ametukanwa kwa maandishi, akayabeba matusi yake mwenyewe begani mpaka nyumbani, na bado anashinda na njaa ili wewe upate kuku nusu. Na wewe unamrundikia nyama anapogeuka. Umempunguzia heshima ukamwongezea tumbo, mama, na vyote viwili bila kumuuliza. Alipokuuliza kwa upole kama tatizo ni yeye, ukamwambia ni masikio. Hapo nilitamani nikuvute hilo sikio mimi mwenyewe, pamoja na mbegu zake.

Unaogopa atacheka. Acha acheke. Mara ile alicheka kwa sababu ulikuwa na chapati mkononi, leo una kadi ya zahanati. Unaogopa atakasirika, na atakasirika kweli, ana haki yake, mpe siku mbili tatu. Na kuhusu mwili aliojivunia, sikiliza nikwambie: mtu anayekutia dawa masikioni kila jioni mpaka chupa ya nne hakuoa kilo.

Jumapili ikifika usisubiri waanze wao. Mjomba akishaamkiwa na kupewa maji ya kunywa, piga goti kama ulivyolelewa, uombe ruhusa useme wewe kwanza, Thobias akae pembeni yako. Weka kadi mezani, wazee wasome presha ya mwaka jana na ya sasa, kilo za mwaka jana na za sasa. Fungua kilemba uwaonyeshe mbegu, na ukiri kwamba yale hayakuwa matangazo ya mtandao. Mwombe mjomba akusamehe, kisha mwombe kwa heshima zote apite pale kwenye banda la kuchomelea, mbele ya mafundi walewale, awaambie kwa mdomo wake kwamba mpwa wake anatunzwa vizuri. Mzee wa heshima atakwenda, tena atakwenda Jumatatu asubuhi kabla gari la Mgeta halijaondoka. Njegere na karoti azidi kuleta, viazi apunguze, na gunia aliandike jina la mwenye nyumba. Thobias naye mpeleke zahanati akapimwe, maana hizo nyama zako za miezi saba zimeishia mahali fulani.

Lakini Jumapili ni mbali, na wewe huna muda huo. Uliniomba nisitoe jina lako, nami sijalitoa. Ila umenitajia banda, geti la chuo, sufuria sita, fundi wa mageti na mjomba wa kabichi, tena hao wawili kwa majina yao, na gazeti hili limetoka leo asubuhi. Wateja wako wamelisoma kabla yako, ndiyo maana leo kila anayeagiza wali anakutazama masikio. Saa yoyote kuanzia sasa kuna fundi mmoja atalipeleka kule kwa mumeo akiwa anacheka, na Thobias atausoma ukweli wako akiwa amesimama katikati ya watu, kama alivyosoma lile gunia. Hilo usilikubali. Funika sufuria, mwachie jirani banda, uende kwake sasa hivi kwa miguu, miguu unayo mizuri siku hizi. Msubiri azime mashine na kuvua ile miwani yake nyeusi, akutazame vizuri, halafu mwambie: "Baba Deo, wewe huna kosa lolote. Umenilisha vizuri mpaka nesi amelalamika."